Sare ya London haikuwa woga

Hadi leo wapo wanaomlaumu Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji, kwa sare ya Novemba 26, 2018. Ulikuwa mchezo wa 12 na wa mwisho wa kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji, London, na 11 iliyotangulia yote ilikwisha sare. Carlsen, mwenye kete nyeusi, alikuwa na hali nzuri zaidi ubaoni na muda mwingi kuliko mwenzake. Kwenye hatua ya 31 akaomba sare, Fabiano Caruana akakubali. Nasema alifanya sawasawa.

Panga ubao uone (herufi a hadi h ni safu wima, namba 1 hadi 8 ni safu mlalo). Mfalme mweupe yuko b1. Farasi mweusi amekita c5, askofu wa f6 anaitazama b2, askari amefika a4, na ngome imerudi a8 kumsukuma askari huyo. Shambulio linakuja, ni kweli. Lakini kete zinalingana, na mbele ya mfalme mweusi askari wa f, g na h wote wameshasogea. Caruana akipata nafasi ya kusukuma askari g4, mambo yanageuka.

Sasa piga hesabu. Sare ilipeleka pambano kwenye michezo ya haraka, dakika 25 kwa kila mmoja na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua. Kwenye sataranji ya kawaida walipishana pointi 3 tu za viwango vya wachezaji (rating), Carlsen 2835 kwa 2832 za Caruana. Kwenye ya haraka Carlsen alikuwa juu kwa takriban pointi 90. Kwa nini abahatishe? Novemba 28 alishinda 3–0. Ingekuwa mchezo wa 6, katikati ya pambano, ningemlaumu na mimi.

Ndiyo maana wachezaji wa klabu wasimwige: kwenye ligi hakuna mchezo wa haraka unaokusubiri, nusu pointi imepotea moja kwa moja.

Kuna jambo jingine wengi hawakuliona. Hatua ya 13 na 14, malkia mweupe alikwenda a4 akarudi b4, askofu mweusi d7 akarudi f5. Hali ileile mara mbili. Caruana ndiye aliyeachana nayo, akacheza askofu e3. Hali hiyo ikitokea mara ya tatu ingeruhusu kudai sare, na hapo ndipo wengi hukosea: andika hatua yako kwenye karatasi bila kuicheza, simamisha saa, mwite mwamuzi. Dai likiwa si sahihi, mpinzani anaongezewa dakika 2. Ukigusa kete kwanza, haki ya kudai kwa hatua hiyo imekwenda.