Nani Alikitia Kifaru Katika Zulia la Afghanistan?

Mazulia ya vita ya Afghanistan, yale ambayo vifaru, helikopta na bunduki za Kalashnikov vimeshika mahali pa maua na majani, yamezusha hoja mbili kuhusu asili yake. Ya kwanza yasema kwamba picha hizo zilitoka kwa wafumaji wenyewe, wengi wao wanawake, hasa wa Kibaluchi na wa Kiturukimeni, baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia nchini mwao Desemba 1979. Ya pili yasema kwamba ziliagizwa na wafanyabiashara waliotambua kuwa wageni wangelipia zaidi zulia lenye bunduki kuliko lenye ua. Hoja ya pili husikika kuwa ya mtu mwerevu asiyedanganyika, na pengine kwa sababu hiyo imepewa uzito unaozidi ushahidi wake.

Ushahidi upo, wala haufai kudharauliwa. Mazulia yaliyofumwa baada ya 2001 yanaonyesha minara miwili ya New York ikigongwa na ndege, na chini yake njiwa kati ya bendera ya Marekani na ya Afghanistan, picha iliyonakiliwa kutoka katika vikaratasi vilivyodondoshwa na ndege za kijeshi za Marekani. Maneno ya Kiingereza yaliyofumwa humo, mara nyingi yakiwa na makosa ya tahajia, hayakumlenga msomaji wa Herat, mji wa magharibi mwa Afghanistan. Tena, tangu 1971 msanii wa Kiitalia Alighiero Boetti alikuwa akiwapa wanawake wa Kabul kazi ya kudarizi ramani za dunia, na baada ya uvamizi kazi hiyo ikahamia kwa wakimbizi waliokuwa Peshawar, Pakistan. Wapo wanaoona kwamba mazulia ya vita yenye ramani, yaliyofuata baadaye, yalizaliwa hapo. Hata hivyo ramani zile zilikuwa za darizi, si za mafundo ya zulia, na zilijaa bendera, si silaha. Nayo mazulia ya baada ya 2001 yanatueleza hali ya soko zaidi ya miaka 20 tangu vita vianze, lakini hayatuelezi nani aliyetangulia.

Kwa swali hilo la nani aliyetangulia, ni lazima kuyatazama mazulia yanayohesabiwa kuwa ya mwanzo kabisa. Katika mengi ya hayo silaha hazionekani kwa mtazamo wa kwanza. Mtu huona zulia la Kibaluchi la kawaida, lenye wekundu uliokolea na buluu inayokaribia weusi, na pindo lenye safu ya mapambo madogo; akiinama ndipo anapogundua kwamba pambo moja lina mdomo wa mzinga, na kwamba kile alichodhani ni ua kina mapanga ya helikopta. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kila nikilirudia naona linaiyumbisha hoja ya soko. Anayeagiza bidhaa ili imvutie mgeni hataki kivutio chenyewe kifichwe pindoni. Mfanyabiashara angetaka kifaru kikae katikati, kikubwa, chenye kutambulika kutoka mlangoni mwa duka, na kweli ndivyo vilivyokuja kuwa baadaye, soko lilipokwisha kuchangamka. Mwendo huu, wa silaha kutoka mafichoni hadi katikati, unaeleweka vizuri zaidi tukikubali kwamba mfumaji alianza na mnunuzi akafuata.

Pia tukumbuke kazi yenyewe. Mita moja ya mraba ya zulia la aina hii yaweza kuwa na mafundo yapatayo 100,000, kila moja likifungwa kwa vidole katika nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, kisha safu nzima ikashindiliwa kwa mshindio, yaani uzi wa upana. Mwanamke aliyefuma helikopta alikaa nayo siku nyingi, safu baada ya safu, na huenda alikuwa ameikimbia ile yenye chuma kabla ya kuifuma hii ya sufu, kwani Waafghani zaidi ya milioni 5 walilazimika kuhamia Pakistan na Iran katika miaka ile. Kusema kwamba alikuwa akitekeleza agizo tu ni kumnyima hata uwezekano wa kuwa na jambo la kusema.

Wala halikuwa jambo geni kwa ufumaji wa Afghanistan kupokea mambo ya wakati wake. Yapo mazulia yenye sura ya Mfalme Amanullah, aliyetawala kuanzia 1919 hadi 1929, na hakuna anayedai kwamba sura hiyo ilingoja askari wa kigeni ndipo ifumwe.

Udhaifu mkubwa wa mjadala wote ni kwamba karibu kila tunachokisoma kimetoka vinywani mwa wauzaji na wakusanyaji, ambao wengi wao ni wanaume, na kila muuzaji hujua vizuri zaidi sehemu ya safari ya zulia inayopita dukani mwake. Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1980 sasa amevuka 60. Tangu Taliban waliporejea madarakani Agosti 2021 kumfikia huko Herat kumekuwa kugumu zaidi, lakini wenzake wengi wanaishi Iran na Pakistan, na ni wao wanaopaswa kuulizwa kabla hoja ya soko haijaandikwa kama historia.