Shemeji, mkonge wetu unakuhusu nini?

Juzi jioni kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, kahawa ya pili haijamiminwa, redioni mbunge wa jimbo moja la Unguja anachangia makadirio ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Alichangia vizuri, nisimwonee. Zahanati, madawati, barabara za vijijini, yote aliyagusa. Nikamgeukia shemeji yangu, Mpemba aliyeoa kwetu zamani: "Shemeji, halmashauri za Muheza na Pangani zinamhusu nini huyu bwana?"

Akacheka hadi kashata ikamponyoka. "Mlango mmeuacha wazi wenyewe, mbuzi akiingia mnamlaumu mbuzi?"

Usiku usingizi ulinipaa.

Maana ndivyo ilivyo, ibara ya 64 ya Katiba ya Muungano hiyo. Bunge la Dodoma linatunga sheria za mambo ya Muungano kwa nchi nzima, na hapohapo linatunga za mambo yote mengine ya Bara. Yasiyo ya Muungano ya Zanzibar yanakwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, ambako mtu wa Tanga hana kiti hata cha plastiki. Wao Dodoma wana wabunge wa majimbo, na juu yake Baraza lao linapeleka wengine watano. Kwa hiyo ardhi yetu, maji yetu, shule zetu za msingi na mkonge wetu vinapigiwa kura na watu ambao sheria yenyewe haitawagusa, wala haitamgusa hata mmoja aliyewachagua.

Wenzetu mlango wao wameukomea. Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar inasema sheria ya Bunge haina nguvu kule isipokuwa iwe ya mambo ya Muungano, na hata hiyo sharti waziri anayehusika aipeleke kwanza mbele ya Baraza. Siwalaumu. Nawaonea wivu.

Ukiyasema haya utaambiwa unavunja Muungano. Haya. Mwaka 1993 wabunge 55 walitaka serikali ya Tanganyika, wakazimwa. Tume ya Warioba, ile ya mabadiliko ya Katiba, ikaja na serikali tatu, Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likazirudisha mbili. Nakubali, tena shingo upande, kwamba serikali ya tatu ni gharama, na mlipaji tunamjua. Basi sitaki serikali ya tatu. Nataka wahesabu kura tu.

Na kuhesabu wanajua! Ibara ya 98 ya Katiba yetu, ukitaka kubadili yale mambo mazito ya Muungano, inadai theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Katiba Inayopendekezwa, ile ya Bunge Maalumu, ilipigiwa kura hivyohivyo, huku mbali na kule mbali. Hakuna aliyesema kalamu imekwisha wino. Leo ukija muswada wa mkonge, Spika anashindwa nini kusema hili ni la Bara, wa Bara ndio wapige kura? Wengine wakanywe chai kantini, na posho yao wapate kamili, sina kinyongo.

Ataniambia mtu bajeti haigawanyiki, mfuko ni mmoja. Hapo pagumu, kweli. Anza na miswada basi, bajeti tutaijia.

Na shemeji naye ana lake, nisilifiche: mambo yanazidi kuhamishiwa kwenye Muungano. Orodha ya mambo ya Muungano ilianza na 11 mwaka 1964, leo ni 22. Mafuta na gesi yaliingizwa 1968. Mwaka 2015 Sheria ya Petroli ikawaachia Zanzibar wasimamie utafutaji wao, 2016 wakatunga sheria yao, na Nyongeza ya Kwanza ya Katiba bado inasoma kwamba mafuta ni ya Muungano. Yaani sheria ya kawaida imeipa Katiba kisogo na watu wakaendelea kula. Nilimwambia hilo akanyamaza, jambo ambalo kwa Mpemba yule si la kila siku.

Mbunge wetu atarudi Ngamiani kuomba kura, hawakosi. Sitamuuliza habari ya taa za barabarani. Asinizungukie wala asinitishe na kuvunjika kwa Muungano, aniambie tu: muswada wa mkonge, nani apige kura?