Ukirusha droni juu ya meli iliyotelekezwa, rudi tena mwakani

Ukiwa ukingoni huwezi kuijua. Unaona kisiwa kidogo cha matete na vichaka, miti miwili mitatu imeinamia maji, pengine na kipande cha chuma kimechomoza, chekundu kwa kutu. Ukiambiwa pale pana meli unaitikia kwa heshima tu. Kisha unapandisha droni. Mita kumi, bado ni vichaka. Mita thelathini, vichaka vinaanza kujipanga. Ukifika mita sitini, kamera ikitazama chini moja kwa moja, kile kisiwa kina omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, na mataruma, zile mbavu zake, yamepangana pande zote mbili chini ya maji kama miiba ya samaki aliyekwisha kuliwa. Mara ya kwanza kuliona hilo mikono ilinitetemeka kwenye rimoti, na hadi leo sijalizoea.

Ndiyo maana naumia nikitazama video nyingi za aina hii. Droni inatokea nyuma ya miti jua likizama, inaizunguka meli mara moja, muziki mzito unapigwa, basi. Jina la meli halitajwi. Tarehe hakuna, kimo hakuna, wala hujui kama maji yalikuwa yamekupwa au yamejaa. Mtazamaji anaondoka na huzuni asiyojua ni ya nani. Mimi nasema hivi: meli hizi zinaoza tukiziangalia, na droni imeturahisishia kazi ambayo zamani ilitaka ndege ya kukodi na rubani wake. Aliyeirusha mara moja kwa ajili ya uzuri amepata picha. Aliyerudi mwaka uliofuata, akasimama palepale, akapita njia ileile kwa kimo kilekile, huyo ameacha ushahidi.

Chukua Mallows Bay, ghuba kwenye Mto Potomac, jimbo la Maryland, Marekani. Nchi ile ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mnamo Aprili 1917 ilikuwa na njaa ya meli, kwa sababu nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha kwa kasi. Ikaamuliwa zijengwe meli za mvuke za mbao kwa mamia, haraka haraka, katika viwanda vilivyotawanyika nchi nzima. Mbao nyingine zilikuwa mbichi na kalafati, ile ya kuziba nyufa kati ya mbao, ilipigwa mbiombio. Vita vikaisha Novemba 1918 kabla meli hizo hazijafanya kazi iliyokusudiwa, na ghafla hakuna aliyezitaka: zinavuja, zinakula makaa ya mawe mengi, na wenye mizigo walikwisha kuhamia kwenye meli za chuma.

Mwaka 1922 kampuni moja ya kuvunja meli ilinunua 233 kwa dola 750,000 za jumla. Piga hesabu mwenyewe: hazifiki dola 3,300 kwa meli yenye urefu wa mita 85 hivi. Kilichotakiwa ni chuma cha mitambo, boila na misumari. Ubao ulikuwa wa kuchomwa, na Novemba 1925 meli 31 zilitiwa moto kwa pamoja hadi usawa wa maji. Kampuni ikafilisika mapema katika miaka ya 1930, mizoga ikabaki pale Mallows Bay. Wakati wa dhiki ile ya uchumi wakazi wa kandokando ya mto waliingia wenyewe kwa nyundo na baruti kutafuta chuma cha kuuza. Vita vya Pili vilipokuja, chuma kikapanda bei, kampuni kubwa ikaja kujaribu tena, nayo ikaondoka ikaziacha nyingi palepale.

Sasa sikiliza kilichotokea baadaye. Maganda yaliyoungua yalikamata tope, tope likakamata mbegu, na baada ya miongo kadhaa kila ganda likawa kama chungu cha maua chenye umbo la meli. Furukombe, ndege wale wanaojirusha majini kukamata samaki, wakajenga viota juu ya vyuma vilivyobaki. Samaki wakapata maficho kati ya mataruma. Mwaka 2019 eneo lile likatangazwa hifadhi ya taifa ya majini.

Droni iliingiaje hapo? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliipitisha droni juu ya ghuba yote, wakaunganisha picha zikawa ramani moja, na ramani hiyo ikaonyesha mizoga 147. Kila mmoja una mahali pake, upande uliolalia na ukubwa wake. Hawakuifanya kwa ajili ya kupendeza, lakini naithamini kuliko video yoyote ya machweo niliyowahi kuiona. Mtu akirudi pale miaka ishirini kutoka sasa ataweza kusema ubao huu ulikuwepo, ule haupo tena, mti huu umelipasua ganda.

Kuna jambo moja kuhusu mto ule ambalo siwezi kuliacha. Karibu na Quantico, ng'ambo upande wa Virginia, tarehe 6 Mei 1896, mwanasayansi Samuel Langley alifyatua kutoka juu ya nyumba iliyoelea majini chombo chenye mtambo wa mvuke, kisicho na mtu ndani. Kikaruka takriban kilomita moja juu ya Potomac kisha kikatua majini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwepo, na yeye ndiye aliyepiga picha. Yaani chombo kisicho na rubani kilipaa juu ya mto huu kabla meli zile hazijawa hata mti uliokatwa. Siku ile mtu alisimama chini akipiga picha kinachoruka. Sasa kinachoruka ndicho kinachopiga picha kilichobaki chini.

Mfano wa pili ni Purton, kwenye Mto Severn, Uingereza. Huko meli zilipelekwa kwa makusudi. Mwaka 1909 ukingo unaotenganisha mto na mfereji wa Gloucester na Sharpness ulibomoka sehemu, na wahandisi wakaona njia rahisi: chukua vyombo vizee, visukume ukingoni maji yakijaa kabisa, vitoboe, viache vijae matope. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka sitini, na leo kuna mabaki ya vyombo zaidi ya themanini, vya mbao, vya chuma na hata vya zege. Vingi vimezama ndani ya nyasi kiasi kwamba unaweza kutembea juu ya meli ukidhani ni tuta. Kwa miguu unaviona kimoja kimoja. Kwa droni unaona walichokiona wahandisi: mstari wa meli uliofanywa ukuta. Hapo ndipo utaelewa kuwa hazikutupwa pale. Zilipewa kazi ya mwisho, na bado zinaifanya.

Na Sydney, Australia, katika ghuba ya Homebush pembeni ya Mto Parramatta, iko meli SS Ayrfield, iliyojengwa 1911, ambayo mikoko imeota ndani yake hadi ikamwagika nje ya kingo. Imepigwa picha mno, na inastahili. Lakini jirani yake yamo mabaki ya vyombo vingine, ikiwemo SS Heroic na HMAS Karangi, na hao wanapata sekunde mbili za pembeni kamera ikielekea kwenye miti. Ukifika pale na betri tatu, wape moja.

Sasa kazi yenyewe. Video ya mzunguko ina nafasi yake, ifanye, ufurahi. Lakini kabla ya hapo, betri ingali imejaa, pita kama anayefyeka shamba: mstari kwenda, mstari kurudi, kamera imetazama chini, mwendo wa polepole, kila picha ikilalia ile iliyotangulia kwa asilimia sabini au themanini. Mita sitini zinatosha kuonyesha umbo zima na kukupa maelezo ya hadi sentimita chache. Programu itaziunganisha picha hizo zikawa moja. Ila ujue programu inatafuta vitu ambavyo havijasogea, na maji hayatulii. Picha ya maji matupu haiungani na chochote. Hakikisha kila fremu ina kipande cha meli, cha ukingo au cha mti, la sivyo utarudi nyumbani na ramani yenye matundu.

Chagua wakati maji yamekupwa. Na kama kwenu majani hupukutika, chagua msimu huo, maana vichaka vikiwa vimenona utapiga picha za majani tu. Wapiga picha wengi hukimbilia jua kali. Juu ya mto jua kali ni adui, linawaka kwenye maji na kuficha kila kilicho chini. Siku ya mawingu mepesi ndiyo siku. Kichujio cha kupunguza mng'ao nacho husaidia, kikiwekwa vizuri utaona ubao uliozama ambao jicho lako pale ukingoni halikuuona kamwe.

Nilijifunza jambo moja kwa gharama. Siku moja nilirusha droni nikiwa kwenye mashua ndogo kwa sababu ukingo ulikuwa matope matupu. Nikafanya mistari yangu, nikasahau kwamba mashua ilikuwa ikisukumwa na mkondo taratibu. Betri ikashuka, droni ikaanza kurudi yenyewe, na ikarudi pale ilipopaa: juu ya maji matupu, mita arobaini kutoka nilipokuwa. Ikaanza kushuka. Niliishika rimoti nikakatiza amri ya kurudi, nikaivuta upande wangu nikiwa nimepiga magoti, nikaidaka kwa mkono, panga zake zinazozunguka zikinipitia karibu na kidole gumba. Vitambuzi vya chini ya droni husoma maji vibaya, havijui kama ni uso imara au la, kwa hiyo usivitegemee vikuokoe. Ukirushia kwenye chombo, badilisha sehemu ya kurudi kila baada ya dakika chache, na uwe na mwenzako anayeshika kasia. Mtu mmoja hawezi kuangalia anga na mkondo kwa pamoja.

Ndege ndilo jambo linalonigusa zaidi, na hapa sina ulegevu. Ukiona kiota juu ya mzoga na ndege amekaa, ondoka. Usiseme utapita juu juu. Furukombe aliyeshtuka huliacha kinda lake juani, au humrukia mgeni na kuvunja bawa kwenye panga. Meli itakusubiri msimu wa makinda upite. Imesubiri miaka mia moja.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi kwa sababu hazina mjadala. Marekani kikomo cha kawaida ni futi 400, Ulaya mita 120, ambazo ni karibu sawa, na kote unatakiwa kuiona droni yako kwa macho. Mito mingi hupita karibu na viwanja vya ndege, kambi na miji. Mallows Bay yenyewe imo ndani ya duara la maili 30 kuzunguka Washington lenye masharti yake ya pekee, na ukisogea hadi ndani ya maili 15 droni hairuhusiwi kabisa bila kibali maalumu. Soma ramani ya anga ya siku hiyo hiyo. Na meli kuwa imetelekezwa haimaanishi ardhi inayoizunguka haina mwenyewe: omba ruhusa. Mara nyingi mwenye ukingo ndiye anayejua meli ilifika lini, na habari hiyo hutaipata kwa kamera yoyote.

Habari hiyo ndiyo uiandike chini ya video. Jina la chombo kama lipo, mahali, tarehe, saa, kimo, hali ya maji. Mistari sita tu. Tahadhari: kama ni mahali wezi wa chuma hawajapagundua, usiweke vipimo kamili vya mahali hadharani, vihifadhi, mpe anayetunza kumbukumbu za eneo hilo.

Kuna mzoga mmoja nimeurushia droni mara nne sasa, mwaka baada ya mwaka, mwezi uleule. Majuzi niliziweka picha ya kwanza na ya nne pembeni kwa pembeni kwenye skrini, nikaanza kuhesabu mataruma ya ubavu wa kushoto kutoka omo. Ya kwanza yalikuwa kumi na tisa. Ya nne kumi na saba, na pale palipokuwa na la kumi na mbili pameota mche wenye kivuli kirefu kuliko droni yangu. Nikaandika tarehe, nikachaji betri.