Sista incharji anapimwa kwa rula ya nani?

Juzi nilikuwa namuuguza mama kwenye wodi moja hapa Kampala. Sista incharji, yaani nesi mkuu wa wodi, alipiga magoti kumsalimia jaja (bibi mzee) wa kitanda cha 6, Kiganda kabisa, halafu daktari kijana alipokuwa anapita akamwambia polepole, "Daktari, jaja tangu asubuhi hajakojoa, sijui nimekosea kuangalia?" Daktari akageuka haraka, dawa zikabadilishwa, sista kashaenda zake kuhesabu glavu.

Sasa chukua dodoso la kupima uongozi la Wamarekani Kouzes na Posner, linaitwa LPI, sentensi 30, kila moja unajipa alama 1 mpaka 10. Kuna kipengele cha kuhoji utaratibu uliozoeleka. Sista atajipa ngapi hapo? Naona 2 au 3, maana mwenye adabu hajisifu na kichwani mwake hajampinga mtu, kauliza tu. Mwenzake wa Marekani kwa tendo lile lile anaweza kujipa 9 na kwenye jedwali yeye ndo kiongozi.

Ila nisiwe mnafiki, "utamaduni wetu" nao ni kichaka. Wapo maincharji wanafokea wanafunzi mbele ya wagonjwa halafu eti ndo heshima ya kazi. Utafiti wa GLOBE kuhusu uongozi na utamaduni, jamii 62, kitabu chake kilitoka 2004, ulikuta uaminifu na haki vinapendwa kote na udikteta hautakiwi kokote, kwa hiyo rula ya pamoja inawezekana kiasi. Shida walioulizwa ni mameneja wa benki, vyakula na simu, sio manesi, na Uganda haikuwemo.

LPI ina fomu ya pili, wanaokuzunguka ndo wanakupa alama, na hiyo ingemsaidia sista wangu. Lakini isikusanywe na incharji mwenyewe jamani, miandiko inajulikana, wote watampa 10 wasije wakapangiwa zamu za usiku mwezi mzima.

Halafu lugha ya kutafsiria hilo dodoso. Ukiandika "kupinga" tayari ni ugomvi, ukiandika "kutafuta njia bora ya kumhudumia mgonjwa" sista atajiona humo, alama zinapanda, na hapo wapimaji wanalalamika kwamba swali sio lile lile tena, huwezi kulinganisha. Wana hoja. Ila mimi bora tukose kulinganisha Kampala na Chicago kuliko kumwandikia 2 mtu aliyemrudisha daktari kitandani kwa jaja.