Dinamo Inasingiziwa Bure

Mvua zinapoanza hapa Lubumbashi, mafundi umeme wa magari hawakosi kazi, hasa kwa sisi tunaong'ang'ania Volkswagen Coccinelle za zamani. Taa zinafifia, stata inalia bila kuzungusha injini, na kabla kifuniko cha injini hakijainuliwa, mwenye gari ameshaambiwa anunue dinamo, yaani kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri. Mimi napinga utaratibu huo. Katika mfumo wa volti 12, kipima volti kikisoma karibu 14 kwenye vichwa vya betri injini inapoongezwa kasi kidogo, dinamo haina kosa lolote.

Kosa hutafutwa kwanza kwenye masi, yaani njia ya chuma inayorudisha umeme kwenye betri. Injini na giaboksi ya Coccinelle zimekalia mipira, kwa hiyo umeme wa stata unarudi kwenye betri kupitia utepe wa nyaya zilizosukwa, uliofungwa kati ya giaboksi na bodi. Utepe huo ukiliwa na kutu, umeme hujitafutia njia nyingine, hata kupitia kebo ya klachi, nayo ikapata moto. Kupima ni rahisi: ncha moja ya kipimo iguse kichwa hasi cha betri, nyingine iguse chuma kitupu cha giaboksi, kisha mtu azungushe ufunguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, msasa na spana vitafaa kuliko kifaa kipya. Na kwa magari ya kabla ya 1966, ambayo kwa kawaida yana volti 6 tu, upotevu huo wa volti njiani unaumiza maradufu.

Fyuzi zake nazo, zile zenye ncha zilizochongoka, hushika kutu pale zinapobanwa, na mara nyingine kuzizungusha kwa vidole kunatosha kurudisha taa. Kuzivisha karatasi ya fedha ya sigara, jambo ambalo bado naliona, ni kuamua kwamba waya ndio uungue badala ya fyuzi, na tusisahau kwamba betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, karibu na springi na nyasi za kiti.

Hata hivyo, lawama si za fundi peke yake, kwa sababu wateja wengi hulipia kifaa bila kinyongo lakini hulalamika wakidaiwa fedha ya kupima. Mimi hupatana bei ya kupima peke yake kabla fundi hajagusa kitu, na kifaa kikihitajika kweli, tunaanza mapatano mengine.