Anika na anua sio kitu kimoja, nimejua saa hii

Sawa, najua mmeshasikia ile voisi ya rafiki yangu, ile ya mimi na karafuu za bibi yake. Huyo jamaa yangu ni Mpemba wa kwetu Kenya, wale serikali iliwatambua juzi tu 2023, na kuongeza chumvi ndio kazi yake, eti niliharibu mapolo manne. Polo ndio gunia huko Pemba. Ilikuwa moja na nusu!! Tuheshimiane.

Tulienda kwa bibi yake Pemba, njia ya Konde, msimu wa karafuu. Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, alafu bahari, na habari za bahari mniache. Mimi mtu wa Nairobi lakini Kiswahili nilipata A, na hilo nililitaja mara tatu kabla hata shelisheli halijaiva. Bibi akasema, "Haya, mashaallah." Ningejua ile haya ni ya aina gani ningenyamaza.

Usiku tukachambua, yani unashika kichala unakisugulia kiganjani, karafuu huku makonyo (vile vijiti vyake) kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na chai yote inanuka daktari wa meno. Asubuhi zikaanikwa uwanjani kwenye majamvi. Zile za siku ya nne zilishakauka, ukivunja moja inalia tak, zikarudishwa kwa polo ndani kusubiri kupelekwa ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, maana huko karafuu huuzii mtu baki.

Saa nane mchana wote wako juu ya mikarafuu. Uwanjani mimi, kuku, na kijukuu cha miaka sita. Bibi yuko nyuma anakuna nazi. Wingu likasimama upande wa Tumbe, jeusi ti.

"Mjukuu wangu, anua karafuu! Anua!"

Sasa hapa niende polepole kwa sababu hapa ndio nilikufa. Anika naijua. Anua sijawahi kuisikia maishani, sisi nguo tunatoa kwa kamba basi. (Wa pwani mnaocheka, nawaona.) Nikajiambia, tulia, hii ni lahaja, Wapemba watakuwa wanaimeza ile k. Na wallahi nilijisikia fahari, nikaona hata lahaja naelewa! Nikaingia ndani, nikaburuta lile polo kavu, nikafungua fundo, nikamwaga juu ya jamvi. Nikasambaza na mkono, taratibu, zisilaliane.

"Waanua?"

"Naanua bibi! Bado kidogo!"

"Hima baba, hima!"

Nikarudi kuchukua ile nusu.

Mtoto akaniangalia. Akaangalia wingu. Akaniangalia tena. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mjomba, kwani wewe waanika?" Nikamwambia aende akacheze.

Tone la kwanza lilinipata shingoni. La pili likagonga karafuu, nikalisikia. Mimi bado nimechuchumaa nasawazisha kona ya jamvi ikae vizuri, ndipo bibi akatokea na kifuu cha nazi mkononi, akasimama. Hakupiga kelele, na ndicho kilichoniua zaidi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeona msiba, "Yallah. Mwanangu kazimwaga."

Alafu mvua yote ikashuka kwa pamoja.

Majirani walikuja mbio, majamvi yakakunjwa, zikaokolewa zilizookoleka, siku mbili nikawa nageuza karafuu juani kama mfungwa, nyingine zikapauka zikashuka daraja, nikataka kulipa bibi akakataa, akacheka mpaka akakaa chini, yakaisha. Yalikuwa yameisha, mpaka huyu rafiki yangu akarekodi ile voisi na kuigiza sauti yangu, "naanua bibi, bado kidogo".

Siku ya kuondoka tuko bandarini, bibi akapiga simu, jamaa akaweka spika makusudi.

"Yule wa A kapanda meli," bibi anauliza, "au mlipomwambia panda kashuka?"