Mchora ramani wa kwanza hakuwa Hearne

Asante kwa makala, ila mlipoandika kwamba mpelelezi Mwingereza Samuel Hearne "aligundua" mto Coppermine, kaskazini mwa Kanada, mwaka 1771, mmewaacha wenye nchi. Kabla Hearne hajaanza hata safari yake ya kwanza, Matonabbee na Idotlyazee, watu wa Wadene, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wameshawachorea wafanyabiashara wa manyoya wa kampuni ya Hudson's Bay ramani ya nchi ile. Walichora kutokana na safari za miguu yao wenyewe.

Hearne alijaribu mara mbili kuufikia mto huo akashindwa. Mara ya pili upepo uliangusha chombo chake cha kupimia latitudo (umbali kutoka ikweta kwa digrii), kikavunjika. Akiwa njiani kurudi, hoi kwa baridi, aliyemsaidia ni huyo huyo Matonabbee, ambaye safari ya tatu alimfikisha mpaka baharini.

Na vipimo? Hearne aliuweka mlango wa mto karibu na latitudo 72, kumbe uko chini ya 68. Hizo ni zaidi ya kilomita 400! Mpelelezi John Franklin ndiye aliyesahihisha mwaka 1821, naye akiwategemea Wadene wa kiongozi Akaitcho kwa njia na nyama. Mhariri, tafadhali ongezeni majina haya kwenye makala.